Mkono Ambao Maganga Alisema ni Wake

Vijana wangu, kabla sijasema neno lolote juu ya pampu, nyosheni mikono yenu mbele muitazame. Geuzeni viganja juu. Hata kama kucha zina oili, hata kama kidole kimoja kina plasta ya jana, itazameni vizuri. Spana ikipotea mtanunua nyingine, na pampu mtaokota kwenye magari mabovu, lakini mikono hiyo hamtaikuta dukani. Wangu wa kulia una kovu linaloanzia kwenye shina la kidole cha shahada na kushuka kiganjani mpaka karibu na kifundo. Watoto wa jirani zangu hapa Mkonze huniuliza kama niliumwa na nyoka. Huwajibu kwamba niliumwa na bomba la dizeli, nao hucheka na kwenda zao wakiamini babu anatania.

Sitanii. Ila katika habari hii utani umo, tena ndio ulioniokoa, na nitafika huko kwa njia yangu. Mkiona nazunguka, nivumilieni. Mtu aliyezoea kutafuta ubovu wa gari hujifunza kupita kwanza mahali ambapo ubovu haupo.

Jina langu ni Elia, na maisha yangu ya kazi niliyamalizia kwenye pampu za dizeli mjini Dodoma. Nasema pampu ile inayokaa ubavuni mwa injini ya lori na kuigawia kila silinda dizeli yake, kwa kipimo chake na kwa wakati wake. Ikigawa nyingi mno, gari linatapika moshi mweusi. Ikigawa kwa kuchelewa, gari linatoa moshi mweupe na kupanda mlima kama mtu aliyefiwa. Ninyi siku hizi mnachomeka waya, kompyuta inawatajia silinda inayoumwa. Mmoja wenu alinionyesha juzi na nilifurahi sana, ingawa sikosi kawivu kidogo. Malori yetu ya zamani yalisema kwa moshi tu, na ilikupasa ujue lugha hiyo. Moshi mweupe asubuhi, injini ikiwa baridi, uache uende na wewe uendelee na chai yako. Moshi mweupe mchana, injini imeshachemka na gari halivuti, hapo taimingi ya pampu imechelewa. Ukiona wa bluu, gari linakunywa oili. Huo haukuhusu wewe fundi pampu, na usikubali kusingiziwa.

Nilijifunza kazi hii ukubwani, nikiwa na mke na shamba la mtama ambalo jua lilinishinda nalo. Aliyenipokea ni Fundi Swalehe, Mrangi wa Kondoa, mtu mfupi, msafi, mwenye hasira za haraka zinazokwisha kabla hujapata muda wa kuzijibu. Namshukuru mpaka leo. Chumba chake cha pampu kilikuwa kama chumba cha kuzalia. Upepo wa Dodoma mnaujua, ukiamka mchana unabeba vumbi mpaka ndani ya sufuria iliyofunikwa. Kwa hiyo pampu tulizifungua asubuhi tu, upepo haujaamka, na kabla ya kufungua tulinyunyiza maji sakafuni na kusubiri vumbi litulie. Upepo ukianza, tunafunika meza kwa nailoni na kwenda kufanya kazi za nje.

Mwezi wa saba, baridi ikiwa kali, niliingia mle na sweta alilonifumia mke wangu. Fundi Swalehe alilishika bega kwa vidole viwili, akanivua kama anayetoa kupe kwenye ndama, akalitundika kwenye ua wa miiba nje. Alichukua kijipistoni cha ndani ya pampu, akakitumbukiza kwenye ala yake, kikashuka chenyewe taratibu kwa uzito wake. Kisha akachomoa unyuzi mmoja wa sufi uliobaki kwenye mkono wangu, akaupitisha pale, akajaribu tena. Kikakwama katikati. "Hicho ulichokiona," akasema, "barabarani ni lori lisilozimika." Nilipotoka kuchukua sweta langu nilikuta mbuzi amekula mkono mmoja. Mke wangu hakumsamehe Fundi Swalehe mpaka alipotuletea asali ya Kondoa.

Alinifundisha pia kwamba vile vijipistoni havibadilishani ala, kila kimoja na yake, na kwamba ukikikumbatia mkononi muda mrefu kinapata joto, kinatanuka, kinagoma kuingia. Ukigomewa usigonge. Kiweke chini, kanywe maji, urudi. Mambo mengi maishani nimeyatengeneza kwa namna hiyo.

Somo lake la tatu lilikuwa nozeli. Tulikuwa na mtambo wa kupimia, unabonyeza wenzo kwa mkono na nozeli inapuliza dizeli kama ukungu. Siku ya kwanza alishika gazeti la zamani mbele ya ukungu ule, akabonyeza, likatoboka. Akanitazama. "Ngozi yako hailizidi sana gazeti hili. Usiweke kiganja hapa hata siku moja." Niliitikia ndiyo, fundi. Na kweli sikuweka kiganja mbele ya nozeli maisha yangu yote. Shida yangu ni kwamba nililichukua somo hilo kuwa la mle chumbani, la mtambo ule, na sikulibeba kwenda nalo barabarani.

Sasa niwaletee Maganga.

Maganga alikuwa dereva wa lori lenye tela, Mnyamwezi wa Tabora. Mimi Mgogo. Kwa walioishi mijini tu na hawayajui haya, niseme kwamba Mgogo na Mnyamwezi ni watani. Watani hawaombani radhi. Mtani anaweza kuingia kwako akachukua kuku akaondoka naye, na ukienda kushtaki utachekwa wewe. Maganga alikuwa hodari wa mambo hayo. Akifika gereji husikii shikamoo wala habari za leo. Unasikia, "Mgogo, leo umeshaomba nini na umenyimwa na nani?" Nami nitamjibu kwamba nilidhani ni mpagazi anapita, kumbe ni dereva.

Kila akija alikuwa na dua moja, nimwongezee dizeli. Kwenye pampu kuna skrubu inayoweka kikomo cha dizeli. Fundi akishapima, huipitishia waya mwembamba na kuufunga kwa kipande cha risasi, kisha anagonga muhuri wake juu. Hiyo ndiyo sili. Muhuri wangu ulikuwa nyota. Anayetaka kufungua lazima akate waya, na akikata kila fundi wa njia ile atajua. Madereva wengi waliikata kwa siri wapate nguvu za kupanda milima. Wanaipata nguvu kweli, kwa muda. Kisha pistoni zinayeyuka.

"Mgogo, nusu mzunguko tu."

"Hata robo hapana. Hewa ya huku juu ni nyepesi kuliko ya pwani. Ukizidisha dizeli haipati hewa ya kuungulia, injini inapata joto mpaka inajiyeyusha yenyewe. Gari lako litakufa ukiwa porini, utabeba mzigo kichwani kama babu zako."

"Mchoyo wewe. Hata cha wenzio unakinyima."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Alinitukana, nikamtukana, nikamgongea nyota yangu, akaondoka.

Asubuhi moja alikuja kwa miguu, jambo lisilo la kawaida, ameshushwa na lori la mwenzake. Gari lake lilikuwa limelala mbele ya Bahi, limejaa alizeti ya Singida, halivuti, linatoa moshi mweupe. "Wagogo mmezoea kuomba ninyi," akasema, "leo naomba mimi. Twende." Nikachukua sanduku langu la vifaa, na bomba moja fupi lililopinda la kupimia matone, tukapanda gari lililokuwa likielekea Manyoni.

Barabara ile ilikuwa ya vumbi bado, mawimbi mawimbi kama ubao wa kufulia. Tulipofika tulimkuta utingo wake, Mzee Shabani, aliyekuwa mtu mzima kuliko dereva wake, anachemsha chai chini ya tela kama yuko nyumbani. Ubovu haukunichukua muda. Mtikisiko wa barabara ulikuwa umelegeza boliti zinazoishikilia pampu, nayo imezunguka kutoka mahali pake, ndiyo maana dizeli ilikuwa inachelewa. Nikaisogeza kwa kukadiria, nikaikaza kidogo, nikamwambia Maganga awashe nisikilize kabla sijaipima sawasawa.

Injini ikaitika, bado ikiwa na kilio. Nikaona unyevu kwenye bomba la silinda ya nne, lile bomba la chuma jembamba linalotoka kwenye pampu kwenda kwenye nozeli. Mtikisiko ulikuwa umelipasua ufa ambao jicho halioni. Nikataka kujua dizeli inatokea wapi hasa, nikapitisha mkono juu ya bomba.

Nilisikia kitu kama mbu.

Nikauondoa mkono, nikamwambia azime. Nilipotazama palikuwa na kitobo kwenye shina la kidole, kama cha sindano ya kushonea. Hakikutoka damu. Hakikuuma. Kidole kilikuwa na ganzi kidogo tu. Nikakifuta kwenye suruali na kuchukua spana. Mzee Shabani akasema nipake majivu. Mimi nilikuwa nafikiria bomba.

Maganga alishuka, akaniuliza mbona nimetikisa mkono. Nikamwonyesha huku nacheka. Akaushika mkono, akainama, akakinusa kile kidole. Nilimjua Maganga kwa miaka na sikuwahi kuuona uso wake ukiwa hauna utani ndani yake. Siku ile niliuona.

"Imeingia," akasema. "Kaa chini."

"Ni kitobo tu, Maganga."

"Kaka yangu wa tumbo moja alikuwa akipaka grisi matrekta. Bunduki ya grisi ikamtoboa hivi hivi. Hakutoka damu. Wakamwambia nenda nyumbani ukapumzike. Mkono ulivimba, ukawa mweusi, wakaukata hapa." Akanigusa kiwiko. "Anafunga kamba za viatu kwa meno. Kaa chini nimekwambia."

Nikaanza kubisha. Ndipo alipousimamisha mkono wangu juu, akasema kwa sauti ili Mzee Shabani asikie awe shahidi, "Mgogo, mkono huu nimeuchukua. Kuanzia sasa ni mali yangu. Hutaushikisha spana, hutaushikisha kitu chochote bila ruhusa ya mwenyewe." Mtani akishachukua, amechukua. Hata nilipotaka kucheka nilijikuta nimekaa chini kweli, mkono juu kama mwanafunzi anayetaka kujibu swali.

Zahanati ya Bahi ilikuwa karibu zaidi, lakini alichokitaka Maganga ni kisu cha daktari wa upasuaji, na kisu kilikuwa Dodoma. Magari ya njia ile yalipita mara chache. Gari la kutufikisha lilikuwa hilo hilo lililolala mbele yetu, na fundi wa kuliamsha alikuwa amenyang'anywa mkono.

Kwa hiyo pampu ile ilipimwa na dereva, mimi nikiwa mdomo tu.

Kwanza lile bomba bovu. Maganga alitaka kulizima kwa kulibana na nyundo. Nikamkataza, na ninyi liwekeni akilini: mdomo wa pampu hauzibwi. Dizeli ikisukumwa lazima iwe na pa kwenda, la sivyo itapasua kitu. Alilifungua bomba pale linapotoka kwenye pampu, akavisha mpira, na mpira akauelekeza kwenye galoni tupu alilolifunga kwa kamba ndani ya boneti. Silinda ya nne ikawa imesimamishwa kazi. Tukabaki na tano.

Kisha taimingi. Mzee Shabani alishika spana kubwa kwenye puli, lile gurudumu la mbele ya injini, akawa anaizungusha injini pole pole, mpaka silinda ya kwanza ikafunga pumzi na alama ikasimama kwenye mshale wake. Maganga akafungua bomba la kwanza, akatoa springi ndogo ya ndani, akaweka lile bomba langu fupi lililopinda. Akapampu dizeli kwa mkono, ikamwagika kwa mfululizo.

"Sasa isukume pampu kuelekea injini. Polepole. Tazama dizeli inavyotoka, usinitazame mimi."

Akaisukuma. Mfululizo ukawa matone.

"Endelea kidogo. Kidogo mno."

Matone yakawa tone moja moja, linaning'inia, linafikiri, linaanguka.

"Hapo. Kaza."

Akakaza kwa nguvu zote za bega, pampu ikahama, dizeli ikakatika kabisa. Mkono wangu ulikuwa umeanza kuuma sasa, maumivu yanapanda kwenye vifundo kama maji ya moto, na kidole kimeanza kujaa. Nilimfokea. "Taratibu, Mnyamwezi! Hiyo si nati ya gurudumu!"

Hakunijibu kwa utani. Alilegeza, akaanza upya, akapata tena lile tone linalofikiri, na safari hii akakaza boliti moja kidogo, akahamia ya pili, akarudi kwenye ya kwanza, kama nilivyomwelekeza, bila haraka, jasho likimtoka puani na kudondoka kwenye pampu. Kazi ile ningeipitisha hata kwenye meza ya Fundi Swalehe.

Akawasha. Sauti ilikuwa ya injini yenye kigugumizi kwa ajili ya silinda moja, lakini moshi mweupe ulikuwa umekwisha. Hapo ndipo hofu iliponipata sawasawa. Kiganja kilikuwa kimevimba, na nikakumbuka mkate wa watoto wangu, na kaka anayefunga viatu kwa meno. Silinda tano na mzigo ule mzito, tungefika lini? Nikaiona ile skrubu, waya wake na nyota yangu.

"Maganga," nikasema, "chukua plaizi. Kata sili. Fungua nusu mzunguko."

Alinitazama. Miaka yote ile aliyokuwa akiniomba! Plaizi ilikuwa mfukoni mwake.

"Sikati," akasema. "Nikikata, injini ikiyeyuka Kigwe, mkono wangu utafika Dodoma na nini? Si wewe uliyesema hewa ya huku ni nyepesi?"

Badala yake alifanya jambo lingine. Alichomoa pini ya tela. Mali ya tajiri, magunia yamepangwa mpaka juu, akaiacha kando ya barabara na Mzee Shabani juu yake na kibuyu cha maji. Dereva anayeacha tela porini anaweza kufukuzwa kazi siku hiyo hiyo, na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Mzee Shabani akasema tu, "Nendeni, chai ninayo."

Njiani sikumbuki mengi. Nakumbuka lori lilivyokuwa likikohoa, na galoni ndani ya boneti likijaa tukalimwaga, na Maganga akiniambia niinue mkono kila nilipouteremsha. Tulipofika maeneo ya Zuzu nilikuwa natetemeka, naye akaanza kunichokoza makusudi ili nisilale. Aliniuliza kama ni kweli Wagogo hupika mlenda mpaka sherehe za ubatizo. Nilimjibu. Sikumbuki nilimjibu nini, lakini alicheka.

Hospitali tulifika alasiri. Daktari alikuwa mama wa makamo, ametulia. Maganga alipomwambia "dizeli, ya bomba la nozeli," hakuuliza kama inauma wala hakutaka kuona damu. Aliuliza ni saa ngapi ilitokea, akamwita muuguzi, nikapelekwa moja kwa moja chumba cha upasuaji. Alinifungua kutoka kidoleni mpaka huku chini, akaosha na kuosha dizeli iliyokuwa imesambaa ndani. Nilipozinduka alikuja kunitazama.

"Wengi huletwa baada ya siku mbili tatu," akasema. "Hapo huwa sina la kufanya ila kukata. Nani amekuleta?"

"Mtani wangu."

"Basi kamshukuru. Umefanyiwa utani mzuri."

Mama yule alihamishwa baadaye na sikumwona tena. Popote alipo, Mungu amweke. Tajiri wa Maganga alifoka siku mbili kuhusu tela lake, kisha akaja kunisalimia wodini na mkungu wa ndizi, na Maganga akabaki na kazi yake. Hakuna gunia lililopotea. Mzee Shabani aliwagawia chai watu wote wa kijiji cha karibu na wakalinda pamoja.

Kidole hiki hakikunjiki sawasawa, na mwezi wa saba huwa cha baridi kuliko wenzake. Lakini kimeshika spana mpaka nilipostaafu. Kimeshika mkono wa binti yangu siku ya harusi yake. Kila Maganga alipopita gereji alidai ukaguzi. "Lete mkono wangu niuone." Ananigeuza kiganja, anaminya kovu, anakunja uso. "Mbona mchafu? Nimekuazima kitu kizuri unakitia oili." Akinikuta nasalimiana na mteja, anamwambia mteja yule, "Bwana, huo unaoushika ni wangu, ushike vizuri." Na skrubu ya dizeli hakuniomba tena hata siku moja.

Vijana wangu, hizi injini zenu mpya zinasukuma dizeli kwa nguvu kubwa mno kuliko zile za kwetu. Bomba likivuja usilitafute kwa mkono. Chukua kipande cha boksi, kipitishe juu ya bomba kwa mbali, boksi litakuonyesha. Na mwenzako akikwambia amechomwa na dizeli, usimtazame damu. Usimwambie akapumzike. Mnyang'anye mkono wake, umpeleke. Hata kama si mtani wako, siku hiyo mfanye mtani.

Si muda mrefu uliopita nilipata habari kwamba Maganga ameugua kiharusi. Nikapanda basi mpaka Tabora. Nilimkuta amekalishwa kwenye kiti barazani kwake, amekonda, upande wa kulia wote umelala. Mkono ule uliolipata lile tone kule Bahi umewekwa juu ya mto kama kitu cha mtu mwingine. Maneno yalimtoka kwa shida, moja moja. Nilisimama mbele yake, nikashindwa kuchokoza, machozi yakanitoka. Yeye ndiye aliyeanza.

"Mgogo," akasema. "Umeuleta?"

Nikaunyosha. "Nimeuleta, mwenyewe."

Aliutazama muda mrefu, kiganja na kovu. Kisha akaelekeza macho kwenye sinia. Mkewe alikuwa ameweka ugali, na kwa ajili yangu amepika mlenda, anajua mambo yetu. Alikuwa anataka kumlisha kama kila siku, Maganga akamzuia kwa jicho. "Leo mkono wangu upo," akasema.

Nikanawa. Nikakata tonge, nikalibonyeza, nikalichovya, nikampelekea mdomoni. Kwa kuwa machozi yalikuwa yananirudia na nilitaka kumaliza kabla hajayaona, nilifanya haraka, na tonge lilikuwa kubwa. Alilitafuna kwa taabu, akalimeza, akanitazama kwa lile jicho lake la zamani.

"Taratibu, Mgogo," akasema. "Hiyo si nati ya gurudumu."

Nikakata tonge dogo.